Bunduki Ndogo na Sungura Waharibifu

Tumeletewa barua na kijana wetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye hivi sasa ameajiriwa katika shamba la kondoo kwenye jimbo la Victoria, nchi ya Australia. Asema kuwa mwenye shamba amemtaka, pamoja na kazi zake nyingine, awe akitoka kila jioni kwa bunduki ndogo kuwapunguza sungura wanaomaliza malisho, na nafsi yake haikutulia. Auliza mambo matatu. Je, yafaa kumuua kiumbe ambaye pengine hakusudii kumla? Je, bunduki hiyo ndogo yatosha kazi hiyo, au ni kumtesa mnyama bure? Na akitaka kumla sungura aliyempiga, je, nyama yake ni halali?

Swali hili tumeliona lastahiki jawabu la urefu kidogo. Vijana wetu wametawanyika katika nchi za watu, na huko hukutana na kazi ambazo wazee wao hawakupata kuzifanya. Na asiyeijua kazi yenyewe ilivyo hawezi kuijulia hukumu yake. Basi tutaanza kwa mnyama, kisha bunduki, kisha hukumu.

Ama huyo sungura, si mnyama wa asili wa nchi ile. Ametoka Ulaya. Mwaka 1859 tajiri mmoja Mwingereza, Thomas Austin, aliletewa sungura wa mwituni kutoka kwao Uingereza, akawaachia katika shamba lake la Barwon Park, lililo Victoria hiyo hiyo, ili apate kuwawinda kwa starehe yake na ya wageni wake. Hesabu yao haikupita dazeni mbili. Nchi ilikuwa pana, majani tele, na adui zao wachache. Sungura jike hubeba mimba kwa muda wa mwezi mmoja tu, na baada ya kuzaa aweza kushika mimba nyingine mara moja. Mwaka wa mvua njema hupata watoto zaidi ya 30, na hao nao huanza kuzaa wangali na miezi minne hivi. Haikupita miaka hamsini illa sungura wameenea sehemu kubwa ya bara lile. Serikali ya Australia Magharibi ikajenga ua kati ya mwaka 1901 na 1907, na ua wa kwanza peke yake ulikuwa na urefu wa kilomita 1,833. Sungura wakaupita.

Mwaka 1950 ukaletwa ugonjwa uitwao miksomatosisi, unaoenezwa na mbu na viroboto, ukawafyeka sungura kwa mamilioni. Lakini waliosalia wakazaa watoto wenye kuuhimili, na hesabu ikarudi kupanda. Mwaka 1995 ugonjwa mwingine uliokuwa ukifanyiwa majaribio katika kisiwa cha Wardang, Australia Kusini, uliponyoka ukaingia bara kabla ya wakati uliopangwa. Nao ukapunguza sana, lakini haukumaliza. Twayataja haya ili msomaji ajue kuwa mnyama huyu si kichekesho. Sungura kumi hula malisho ya kondoo mmoja kwa makadirio ya wafugaji. Tena hula mche ungali mchanga, hata ikawa baadhi ya miti ya asili ya nchi ile haipati kizazi kipya pahali penye sungura mmoja tu kwa kila hekta. Miti mikongwe hufa, na chini yake hapana mrithi. Udongo ukikosa mizizi hupeperushwa na upepo.

Basi madhara yapo, na ni makubwa, na huyo mwenye shamba hasemi uongo.

Tuje kwenye bunduki. Aliyoitaja kijana wetu ni ile iitwayo ya ishirini na mbili, kwa kuwa tundu la kasiba yake ni sehemu 22 katika sehemu 100 za inchi moja, yaani kama milimita 5.6. Risasi zake ni za namna ya kale. Katika risasi za bunduki kubwa, fataki ya kuwasha baruti hukaa katikati ya kitako cha ganda. Katika hizi ndogo, dawa ya fataki imetandazwa ndani ya ukingo unaokizunguka kitako chote. Kijisumari cha mtambo hugonga ukingo, ukapondeka, dawa ikawaka, na baruti ikashika moto. Asili yake ni Ufaransa, ambako fundi aitwaye Flobert alitengeneza risasi za kuchezea shabaha ndani ya nyumba mwaka 1845. Smith na Wesson wa Marekani wakaiendeleza mwaka 1857 kwa bastola yao ya kwanza, na mwaka 1887 kiwanda cha Stevens, huko huko Marekani, kikatoa risasi ndefu kidogo ambayo ndiyo hii inayotumika mpaka leo duniani kote.

Katika umbo hili mna faida yake na mna upungufu wake. Kwa kuwa sharti ukingo upondeke, ganda lazima liwe jembamba; na ganda jembamba halistahimili nguvu nyingi. Kwa hivyo risasi hii ni dhaifu kwa maumbile yake. Uzito wake ni kama gramu 2.6, pungufu ya kijiko kimoja cha chai cha sukari. Mwendo wake ni baina ya mita 320 na 380 kwa sekunde, ilhali sauti huenda kiasi cha mita 340. Ni rahisi kwa bei, haimsukumi mpigaji begani, na mlio wake ni mdogo. Wawindaji wa sungura khasa huipenda ile ya polepole isiyofikia mwendo wa sauti, kwani haina ule mwaliko mkali hewani, na sungura mmoja akianguka wenziwe pengine huinua masikio tu wakaendelea kula.

Sasa tufike pale penye shina la swali lake la pili, kwani watu wengi hukosea hapa, na si wageni tu. Bunduki hii yatosha kwa sungura, na yatosha vizuri, kwa sharti mbili: umbali uwe mdogo, na shabaha iwe kichwani au kifuani penye moyo na mapafu. Mtu akiilenga bunduki yake iwe sawasawa kwa mita 50, risasi hiyo hiyo kwa mita 100 itakuwa imeshuka kiasi cha sentimita 15, na ile ya polepole hushuka zaidi. Upepo wa kawaida ukivuma ubavuni huisukuma kando sentimita 10 au kupita katika umbali huo. Na kichwa cha sungura upana wake ni kama sentimita tano! Basi mwenye kufyatua kwa mita 100 na upepo unavuma, anategemea bahati. Risasi itapita hewani, au, na hili ndilo baya, itampata mnyama tumboni au mguuni, naye atakimbilia shimoni kufa kwa siku mbili tatu mahali asipoonekana na mtu. Mpigaji atasema nimemkosa, kumbe hakumkosa.

Kwa hivyo twamwambia kijana wetu: uifanye mita 50 kuwa mpaka wako, na ukiwa umezoea sana na hewa imetulia, 70. Zaidi ya hapo jongea kwa miguu, au mwache. Pima bunduki yako kwa karatasi kabla ya kuielekeza kwa kiumbe, na uipime tena kila ubadilishapo aina ya risasi, maana kila kasiba ina risasi inayokubaliana nayo. Tumia risasi yenye tundu puani, ambayo hutanuka ikiingia mwilini na kuua upesi, wala si ile ngumu ya shabaha inayotoboa na kupita. Lala kifudifudi au egemeza bunduki juu ya mfuko. Darubini ni msaada, lakini yaonyesha karibu kilicho mbali, na hiyo ni hila yake.

Zipo risasi nyingine za ukingo zilizo na nguvu zaidi. Mwaka 1959 Winchester walitoa ya ishirini na mbili ya magnamu, yenye mwendo wa kama mita 575 kwa sekunde. Mwaka 2002 Hornady wakatoa ya kumi na saba, yenye risasi nyepesi ya gramu 1.1 tu inayokwenda mita 775 kwa sekunde. Hii ya mwisho hunyooka mpaka mita 100 na zaidi kidogo, na hupasuka ikigusa kitu. Kwa mwenye kutaka kuua tu kwa umbali mkubwa kidogo ina manufaa, lakini upepo huionea kwa wepesi wake, na huiharibu nyama ikimpata mnyama mwilini. Kwa kazi aliyopewa kijana wetu hatuoni haja yake.

Lipo jambo ambalo hakuliuliza nasi hatuwezi kulinyamazia, nalo ni khatari ya bunduki hii kwa watu. Kwa kuwa ni ndogo, huonewa kuwa ni mchezo. Risasi yake ikifyatuliwa juu huweza kwenda kilomita mbili kabla ya kutua. Na kwa kuwa ni ya risasi laini iendayo polepole, ikigonga jiwe, maji, au ardhi kavu kwa ulalo huruka na kuendelea isikotarajiwa. Basi usimpige sungura aliyesimama juu ya mgongo wa kilima na nyuma yake ni mbingu. Mpige aliye na ukuta wa udongo nyuma yake. Usiku, wanapotumia taa, macho yanayong'aa si lazima yawe ya sungura. Kondoo naye macho yake hung'aa, na mbwa wa jirani pia. Na ukifyatua isilie, usikimbilie kufungua: elekeza kasiba chini, subiri nusu dakika, kwani dawa ya ukingoni mara nyingine huchelewa kuwaka.

Wapo watakaosema, basi kwa nini sisi tusifanye hivyo kwa kunguru wa Bara Hindi waliojaa Mombasa na Malindi? Kunguru ametajwa katika viumbe watano waliopewa idhini ya kuuawa hata ndani ya Haram, hilo kweli. Mwaka 2024 serikali ya Kenya yenyewe ilitangaza azma ya kuwapunguza kunguru hao milioni moja, kwa dawa. Lakini idhini ya kuua haikuwa idhini ya kufyatua risasi ya kilomita mbili juu ya mapaa ya Majengo na Kibokoni. Tena kwetu uwindaji ulipigwa marufuku tangu mwaka 1977, na bunduki, hata ndogo, ina sheria zake kali. Mambo ya mashamba ya Victoria tuyaache Victoria.

Na huko nako sheria ipo. Baada ya mtu mmoja kuua watu 35 huko Port Arthur, Tasmania, mwezi wa Aprili 1996, majimbo yote ya Australia yalikubaliana kuzibana bunduki. Ile ya ukingo ya kuvuta komeo kila risasi iliwekwa katika daraja jepesi, lakini sharti mtu awe na leseni na sababu ya haki. Ama ile inayojipakia wenyewe iliwekwa daraja la juu na kuzuiliwa kwa wengi. Kijana wetu ni mgeni katika nchi. Asiguse bunduki ya tajiri wake kwa neno la mdomo tu mpaka apate leseni yake mwenyewe kutoka polisi wa jimbo. Tajiri ataomba radhi mahakamani na kwenda zake. Yeye aweza kufukuzwa nchini.

Sasa hukumu. Swali la kwanza: kuua bila nia ya kula. Asili ya jambo ni kuwa uhai wa kiumbe haumwagwi kwa mchezo, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amekataza kumfanya mwenye roho kuwa shabaha. Lakini mnyama anayeharibu mali ya mtu na chakula cha mifugo yake huzuiliwa kwa njia iliyo nyepesi ya kumtosha, na isipotosha nyepesi huingiwa nzito. Kwa sungura wa Australia hakuna ua uliotosha. Basi kuwaua kwa ajili ya kuondoa madhara twaona yafaa, na mshahara wake ni halali. Kilicho haramu ni ile furaha ya kuhesabu maiti. Huko Marekani, katika nyanda za Dakota na Wyoming, wako watu hulipa fedha wakalala juu ya vilima mchana kutwa wakiwapiga wale panya-buku wakubwa waitwao mbwa wa nyika, wakashindana nani kampiga wa mbali zaidi, kisha wakaenda zao wakawaacha pale pale. Wengine katika hao ni wafugaji wenye dai la kweli kwa mnyama huyo. Lakini mtu aliyetoka mji wa mbali, asiye na jani wala ng'ombe pale, huyo ameondoa madhara gani?

Tena ifahamike kuwa bunduki peke yake haitamwondoa sungura shambani. Wataalamu wa Australia wenyewe husema hivyo: kazi kubwa hufanywa kwa kuyavunja mashimo yao kwa trekta, ili waliosalia wasipate makao, na bunduki hufuata nyuma kuwamaliza wachache waliobaki. Sungura mia wakipunguzwa thelathini, sabini waliobaki hupata majani zaidi wakazaa vizuri zaidi. Ikiwa tajiri wa kijana wetu ampa bunduki tu na mashimo yameachwa yalivyo, amwambie kwa adabu kwamba kazi hii haitakwisha. Kuua kila jioni, mwaka baada ya mwaka, bila madhara kuondoka, kwaukaribia ule upuuzi tulioukataza.

Na wakati wa kuzaa achague. Jike akiuawa hali ananyonyesha, watoto wake vipofu hubaki chini ya ardhi wakifa njaa. Msimu wao wa kuzaa hufuata mvua na majani mabichi. Kazi ifanywe zaidi wakati wa ukame mwishoni mwa kiangazi, ambapo wazaao ni wachache. Hili lina faida kwa shamba pia, kwani wakati huo hesabu yao iko chini.

Swali la tatu, kuhusu kula. Sungura ni halali bila shaka. Anas bin Malik, radhi za Mungu ziwe kwake, alimkimbiza sungura mpaka akamshika, Abu Talha akamchinja, na sehemu ya nyama ikapelekwa kwa Mtume naye akaipokea. Tatizo si mnyama, ni risasi. Wanazuoni wengi wa madhehebu yetu ya Shafi waliotangulia waliihesabu bunduki kuwa ni chombo cha kuponda kwa kishindo, na kilichouawa kwa kupondwa ni mzoga. Hakiliwi illa kikidirikiwa hai kikachinjwa. Imam Shaukani wa Yemen, aliyekufa mwaka 1834, alizitazama bunduki za zama zake akasema kuwa risasi hupenya kama mshale upenyavyo, kwa hivyo kilichouawa nayo kwa kutajiwa jina la Mungu ni halali. Nasi twaiona hoja yake ina nguvu, kwani mwenye kumpasua sungura aliyepigwa ataona tundu la kuingilia lililo wazi, si jeraha la rungu. Lakini anayeshika kauli ya madhehebu yake halaumiwi.

Hapa pana mtego, na kijana wetu auangalie sana. Mpigaji hodari humpata mnyama kichwani, na akimfikia humkuta amekwisha kufa. Asidhani basi kuwa heri ampige mguuni ili amkute hai amchinje, kusudi aepuke khitilafu ya wanazuoni. Kufanya hivyo ni kumtesa kiumbe kwa makusudi, na nyama haikuwa dharura kwake. Ampige vizuri, ataje jina la Mungu anapofyatua, akimkuta yungali na uhai amchinje upesi, na akimkuta amekufa afuate kauli iliyomtuliza moyo. Na anayetaka nyama isiyo na maneno, wako watu huko Australia na Uingereza watandazao nyavu juu ya mashimo na kumwingiza mnyama mdogo aitwaye fereti, sungura wakatoka mbio wakanaswa hai. Hao wachinjwe kwa kisu.

Akimla, aangalie. Mwenye macho yaliyovimba ana ule ugonjwa wa miksomatosisi; hawamli. Pahali palipotegwa sumu asichukue nyama kabisa. Na nyama iliyozunguka jeraha aikate aitupe, kwa kuwa risasi ni risasi kwa jina na kwa asili, na vijipande vyake ni sumu kwa mlaji, khasa mtoto na mwenye mimba.

Ama mizoga isiyoliwa, asiiache imetapakaa malishoni. Tai mkubwa wa nchi ile hushuka akala mizoga na risasi iliyo ndani yake, na risasi hiyo imeonekana katika damu na mifupa ya tai hao. Aikusanye kabla ya giza kuingia na kuizika kwa kina ambacho mbweha hataifukua.